Pesa ya Kimo Hutoka Ikiwa Imechelewa: Hotuba kwa Wazazi na Vijana wa Kisumu

Wazee wetu, akina mama, wahudumu wa afya ya jamii kutoka Nyalenda, Manyatta na Obunga, na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Tuliombwa tuzungumze juu ya kuongeza kimo. Maswali ya vijana tunayajua kabla hayajaulizwa: tembe gani inarefusha, mazoezi gani, sindano gani, na ule upasuaji wa miguu ni pesa ngapi. Anayeuliza huwa na miaka 19, 22, 25. Mama mwenye mtoto wa miezi minane haulizi. Hapo ndipo penye ugomvi wetu na nyinyi leo. Pesa ya kimo hutolewa, na mara nyingine nyingi sana, ila hutoka wakati mlango umeshafungwa.

Mlango wenyewe uko wapi? Mfupa mrefu, kama wa paja au wa muundi, haurefuki katikati. Hurefuka karibu na ncha zake, penye ukanda mwembamba wa gegedu, kitu kile cheupe chenye kuteleza mnachokitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku mchanga. Seli za gegedu hugawanyika, hujipanga safu kama sarafu zilizobebana, huvimba, kisha hufa na kuacha nafasi ijazwe na mfupa mpya. Karibu asilimia 70 ya urefu wa paja hutoka kwenye ukanda mmoja tu, ule ulio juu kidogo ya goti. Ndiyo maana mtoto wa miaka 11 aliyegongwa goti uwanjani na likavimba hafai kukandwa na kurudishwa mchezoni. Ufa ukipita kwenye ukanda huo, mguu mmoja unaweza kubaki mfupi au kwenda upande.

Balehe inapoanza, homoni huusukuma ukanda ufanye kazi haraka, na homoni hizo hizo ndizo huufunga. Inayofunga ni estrojeni, ile homoni ijulikanayo kuwa ya kike, hata kwa wavulana, kwa maana sehemu ya testosteroni yao hugeuzwa kuwa estrojeni mwilini. Wasichana wengi hufunga kati ya miaka 14 na 16, wavulana kati ya 16 na 18, wachache huchelewa zaidi. Gegedu likishageuka mfupa, hakuna chakula, tembe wala sindano inayolirudisha.

Habari hii haibahatishwi. Hupigwa eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja pamoja na kifundo, ikalinganishwa na picha za watoto wa umri unaojulikana. Kitabu cha picha kinachotumika sana ni cha Greulich na Pyle, toleo la 1959, na bado hakijastaafu. Gegedu halionekani kwenye eksirei, kwa hiyo ukanda ulio wazi huonekana kama mstari mweusi kati ya vipande viwili vyeupe vya mfupa. Mstari ukipotea, pamefunga. Lakini kuna mtego hapa: mfupa wa mkono karibu na kifundo hufunga mwishoni, baada ya goti. Kijana akionyeshwa mstari mwembamba hapo asiende kusherehekea, huenda goti tayari limefunga na kilichobaki ni milimita tu. Tunasema wazi: kabla ya kununua chochote chenye jina la kurefusha, nunua eksirei hiyo moja.

Kabla ya eksirei kuna kipimo cha ukutani, na hicho watu wengi hukikosea. Vua viatu na soksi. Nywele zilizosukwa juu au kufungwa fundo zifunguliwe, vinginevyo unapima msusi. Visigino pamoja vikigusa ukuta, kisha matako na mabega. Macho yatazame mbele, tundu la sikio na ukingo wa chini wa jicho viwe kwenye mstari mmoja sambamba na sakafu. Mtoto hupenda kuinua kidevu akidhani anaongezeka, kumbe anapungua. Weka kitu cha pembe mraba kichwani, hata kitabu kigumu, kikandamize nywele, soma hadi milimita. Pima mara tatu, chukua wastani. Aliye chini ya miaka miwili hupimwa amelala kwenye ubao, watu wawili wakishirikiana, mmoja kichwa, mwingine magoti na nyayo. Urefu wa kulala huzidi wa kusimama kwa karibu sentimita 0.7, kwa hiyo usichanganye vipimo hivyo kwenye kitabu cha mama na mtoto ukadhani mtoto amerudi nyuma.

Kipimo kimoja kinakuambia kidogo. Viwili vilivyopishana miezi sita au mwaka vinakuambia kasi, na kasi ndiyo habari. Mtoto huongeza karibu sentimita 25 mwaka wa kwanza, karibu nusu ya hizo mwaka wa pili, kisha hutulia kwenye 5 hadi 7 kwa mwaka mpaka balehe. Kwenye kilele cha balehe msichana hufikia karibu 8 kwa mwaka na mvulana 9 au 10. Msichana akishaona hedhi ya kwanza, kwa kawaida hubakiwa na sentimita 5 hadi 7 tu. Mtoto wa shule ya msingi anayeongeza chini ya 4 kwa mwaka apelekwe kwa daktari, hata kama si mfupi kuliko wenzake.

Na wazazi? Jumlisha kimo cha baba na cha mama kwa sentimita. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13, kisha gawanya kwa mbili. Baba wa 172 na mama wa 160: mvulana wao anaelekea 172.5, msichana 159.5, na kila mmoja anaweza kuzidi au kupungua kwa karibu sentimita 8 au 9 bila ugonjwa wowote. Mvulana wa watu hao akiwa na 165, hana tatizo. Amepata kura yake.

Sasa turudi kwa yule wa miezi minane. Takwimu za kitaifa za afya za 2022 zilionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26, kwa hiyo tumepiga hatua, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watano. Kudumaa kwingi huanza tumboni na hukamilika kabla ya siku ya kuzaliwa ya pili. Kinachopotea hapo ni vigumu mno kukirudisha, hata nyumba ikipata neema baadaye. Kwa hiyo kama una shilingi mia ya kimo, itumie hapo.

Namna ya kuitumia si siri. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, maji pia hapana. Kuanzia miezi sita hadi minane, milo miwili au mitatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mitatu au minne na kitu cha kutafuna katikati. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, ule wa kunyweka kwa kikombe ni maji yenye rangi. Na usiwe unga mtupu. Hapa ziwani tuna omena, ambayo huliwa na mifupa yake, yaani protini na kalsiamu kwenye mfuko mmoja. Ichambue utoe mchanga na mawe, ioshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu mpaka maji yatoke safi, ikaange kavu kwenye sufuria hadi ivunjike kwa vidole, isage, ichekeche. Kijiko kikubwa kimoja kwenye bakuli la uji au viazi vilivyopondwa kinatosha mlo. Kinachoharibu kazi hii ni unyevu: omena iliyoanikwa chini wakati wa mvua na kuhifadhiwa ikiwa nusu mbichi huota ukungu. Ikinuka uchachu, usimsagie mtoto. Yai, maharagwe yaliyokobolewa ngozi, mboga za osuga na dek vikaangwe kwa mafuta kidogo. Mama anayemwambia mtoto mayai ni ya wageni anampunguzia sentimita.

Kuhara kunakula kimo kuliko njaa ya siku moja. Mtoto akihara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi sita nusu yake. Wengi huacha zinki siku ya tatu choo kikikauka, na hapo faida ya baadaye hupotea. Minyoo: albendazoli miligramu 200 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, 400 kwa mkubwa zaidi. Wanaoishi karibu na fuo na kuoga ziwani wapimwe kichocho pia. Na katika eneo letu lazima tutaje selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Watoto wengi wenye ugonjwa huo hukua polepole na kubalehe kwa kuchelewa, lakini mifupa yao nayo huchelewa kufunga, kwa hiyo wengi huendelea kurefuka wenzao wakiwa wameshasimama. Wahudumiwe kliniki, wasifichwe.

Kuna jambo linalotuudhi. Tembe ndogo za deksamethasoni huuzwa mitaani kwa jina la dawa ya hamu ya kula, na watu huwapa watoto wembamba. Mtoto hufura mashavu, mama hufurahi, jirani humsifu. Lakini dawa za jamii hiyo zikitumiwa kwa miezi hukandamiza ukanda wa gegedu, na mtoto hunenepa huku amesimama kimo. Akishazizoea msizikate ghafla, maana tezi zake zimelala na anaweza kuzimia. Mpelekeni hospitali mkiwa na karatasi ya tembe mkononi. Wale wa pumu wanaovuta dawa ya jamii hiyo kwa kopo waendelee kuvuta. Kimo kinachopotea hapo ni kama sentimita moja, na pumu isiyotibiwa hupoteza zaidi ya hiyo.

Sindano ya homoni ya ukuaji ipo, ni ya kweli, na historia yake si nzuri yote. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 homoni hii ilikamuliwa kutoka kwenye tezi za pituitari, zilizo chini ya ubongo, za maiti. Mwaka 1985 ilibainika kwamba baadhi ya waliochomwa walipata ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, ikasimamishwa, na mwaka huo huo Marekani ikaidhinisha ile inayotengenezwa na bakteria maabara. Ndiyo iliyopo leo. Inamfaa mtoto ambaye tezi yake haitoi homoni, msichana mwenye tatizo la Turner, yaani aliyezaliwa na upungufu wa kromosomu ya X, mtoto mwenye figo zilizochoka, na wengine wachache. Msichana mfupi kupita kiasi kwa watu wa kwao, ambaye matiti hayajaanza akiwa na miaka 13, apimwe kromosomu. Asiachwe aambiwe tu amechelewa.

Kwa mwenye upungufu, dozi ni mikrogramu 25 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito, kila jioni, chini ya ngozi ya paja au tumbo, mahali pakibadilishwa kila siku ili mafuta ya ngozi yasibonyee. Mtoto wa kilo 25 anachomwa kama miligramu 0.6 hadi 0.9. Dawa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Stima ikipotea, ihamishie kwenye kikasha chenye barafu, ila izungushie kitambaa, kwa sababu ikigusa barafu na kuganda imeharibika hata kama inaonekana safi. Kazi hii ni ya miaka, usiku kwa usiku. Kwa mtoto mfupi asiye na ugonjwa, miaka minne hadi saba ya sindano huongeza takriban sentimita 3.5 hadi 7.5. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtoto akiumwa kichwa na kuona ukungu, au akianza kuchechemea na kulalamikia nyonga au goti, sindano isimame siku hiyo hiyo na daktari amwone: la kwanza huweza kuwa shinikizo ndani ya fuvu, la pili kichwa cha paja kimeteleza kwenye ukanda wake. Mtu mzima anayejichoma kwa siri harefuki. Taya, pua, vidole na nyayo ndivyo hukua, na sukari hupanda.

Wavulana wa jimu, neno moja. Testosteroni ya chupa hufunga ukanda mapema. Wa miaka 15 anayetaka kifua cha haraka analipa kwa kimo. Kubeba vyuma vyenyewe kwa mpangilio hakudumazi.

Tembe za kurefusha zinazotangazwa kwenye simu tumezisoma vibandiko: kalsiamu, zinki, vitamini D, asidi za amino. Ni vitu vya halali, na mtoto mwenye upungufu hufaidika navyo, lakini mwenye miaka 22 anakojoa pesa. Isiyo na kibandiko au isiyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ni hatari zaidi, maana hujui kilichomo.

Kuning'inia kwenye mti wa goli? Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna diski zenye maji. Ukilala zinavimba, ukisimama zinabanwa. Kila mtu ni mrefu asubuhi kwa sentimita 1 hadi 2 kuliko jioni, na sehemu kubwa ya hiyo hupotea saa ya kwanza baada ya kuamka. Wanaanga wasio na uzito huongeza hadi asilimia 3, na wakirudi duniani huirudisha. Kuning'inia hufanya hayo hayo kwa muda wa kikombe cha chai. Lakini hapa kuna faida ya kweli kwa anayekwenda kuajiriwa jeshini, ambako kimo cha chini kinachotangazwa huwa mita 1.60: kama umepungukiwa na milimita chache, usiende umebeba begi zito, usisimame foleni kwa muda wa saa nne. Jilaze chini kivulini mpaka uitwe, miguu juu ya begi.

Mgongo uliopinda kwa mazoea ya simu unaweza kuficha sentimita moja au mbili. Simama ukutani, kisogo, mabega na viwiko vimegusa, inua mikono polepole kama unayesalimu amri, mara 10, raundi tatu kila siku, kwa miezi. Haurefushi mfupa, unatoa kilichofichwa. Ila kibiongo kilichojitokeza karibuni, chenye ncha, pamoja na jasho la usiku na kukonda, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu cha mgongo. Usikifanyie mazoezi.

Na sasa upasuaji, ambao vijana wanausubiri. Mbinu yenyewe ilikomazwa na Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan huko Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Sisi tuna hospitali kubwa tunayoiita Russia, kwa hiyo tusishangae mbinu ya Warusi. Ilizarov alikuwa akitibu mifupa isiyounga, na hiyo ndiyo kazi yake halisi mpaka leo: mguu uliobaki mfupi baada ya ajali ya bodaboda, mfupa ulioliwa na usaha, mtoto aliyezaliwa na muundi mfupi.

Waya za milimita 1.8 hupitishwa kwenye muundi na kukazwa kwenye pete za chuma kama nyuzi za gitaa, kwa nguvu inayofikia kilo 130. Mfupa hukatwa kwa uangalifu, utando unaouzunguka ukihifadhiwa, maana ndio unaoleta damu. Kisha husubiriwa siku 5 hadi 7 bila kuvuta. Baada ya hapo mgonjwa mwenyewe huzungusha nati kwa spana namba 10, ile ile ya fundi wa pikipiki, robo mzunguko mara nne kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Robo moja ni milimita 0.25, siku nzima ni milimita moja. Ukizungusha haraka kwa pupa, mfupa mpya haujazi pengo na mishipa ya fahamu inavutika, kidole gumba cha mguu kinakataa kuinuka. Ukizembea, mfupa unaunga kabla ya wakati na unarudi meza ya upasuaji.

Sentimita 6 ni siku 60 za kuvuta, kisha muda wa kukomaa ambao kwa kawaida ni mara mbili ya huo. Kwa jumla ni miezi sita hadi minane ukiwa na pete mguuni, kila tundu la waya likisafishwa, eksirei kila wiki mbili. Msuli wa nyuma ya muundi haurefuki kwa hiari kama mfupa, kwa hiyo usipounyoosha kwa saa kadhaa kila siku utatembea kwa ncha za vidole. Usaha kwenye matundu ni jambo la kawaida. Damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni si kawaida, lakini huua. Mvuta sigara asijaribu, mfupa wake huchelewa kuunga.

Siku hizi kuna msumari wa ndani unaorefushwa kwa sumaku kutoka nje ya ngozi, ulioidhinishwa Marekani 2011. Hauna matundu, kovu ni dogo, lakini haupendi kubebeshwa uzito mapema, na bei huko ni makumi ya maelfu ya dola. Uchina ilipiga marufuku upasuaji huu wa urembo mwaka 2006 baada ya watu kulemaa. Sisi hatumkatazi mtu mzima mwenye akili timamu. Tunamwambia aulize mambo matatu kabla ya kulipa: nani atakunyoosha miguu kila siku ukirudi nyumbani, nani atakufanyia upasuaji wa pili mfupa ukikataa kuunga, na mwaka mmoja bila kazi utakula nini.

Viatu vimebaki, na hivi hatuvidharau. Kipande cha sponji ngumu chini ya kisigino, cha sentimita 2, kinakaa ndani ya kiatu cha kawaida bila mtu kujua. Ukipita 3, kisigino kinachomoka, chukua buti la kufunga juu ya kifundo. Fundi wa soko la Kibuye akikuongezea soli, mwambie aongeze na mbele pia, theluthi ya kilichoongezwa nyuma, ama utakuwa unashuka mlima siku nzima na vidole vitakuuma. Na ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kwa sentimita 2 au chini, soli ya upande mmoja ndiyo tiba yenyewe.

Ubao wa kupimia uko pale kushoto, karibu na dirisha. Waliosuka nywele juu waanze kuzifungua sasa. Tutaanza na wanaopimwa wakiwa wamelala, wameshaanza kulia.